Mbwa Mkali Si Sifa, Mbwa Aliyefunzwa Ndiye Ngao

Katika Njombe na Makambako, kama ilivyo katika miji mingi ya nyanda za juu za kusini, si ajabu kuona ubao mdogo umetundikwa langoni wenye maneno mawili tu: "Mbwa mkali". Ubao huo humwonya mwizi, humtia hofu mgeni, na mwenye nyumba hujivunia. Hata hivyo, bado hatujaona ubao uliotundikwa kwa fahari ile ile ukisema kwamba ndani ya ua huu yupo mbwa aliyefunzwa. Leo tunapenda kusema kwa nini fahari hiyo ya pili ndiyo inayostahili, na kwa nini jambo hili haliwahusu watu wa Njombe peke yao.

Tunazungumza juu ya kumfundisha mbwa michezo: aketi anapoambiwa "keti", aje anapoitwa, abaki anapoambiwa "baki", atoe mguu wa mbele kana kwamba anasalimia, alete kijiti kilichotupwa. Wapo watakaocheka. Watasema kwamba hiyo ni anasa ya watu wasio na kazi, na kwamba mkulima wa viazi au mkata miwati anayeamka alfajiri katika baridi ya Njombe hana nafasi ya kucheza na mbwa. Sisi hatukubaliani nao. Tunaamini kwamba michezo hii midogo inagusa uhai wa watoto wetu, na tutaeleza.

Huenda msomaji wetu wa Wete, Chake Chake au Mafia akajiuliza: mbwa wa Makambako ananihusu nini mimi niliyezungukwa na bahari? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia ya karibuni ya kisiwa cha Pemba.

Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kimeenea Pemba. Wataalamu waliofuatilia kila tukio la kuumwa na kuchunguza virusi vyenyewe walitambua minyororo mitano ya maambukizo iliyokuwa ikiendelea kisiwani kwa wakati mmoja. Ikaanzishwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka katika kisiwa kizima. Mwanzoni kazi ilisuasua, kisha ikaimarika, na kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Hapo ndipo yalipotokea yale tunayoyajua sana katika nchi yetu: adui aliposhindwa, walinzi wakalala. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena Pemba, si mara moja bali mara mbili, ukitoka nje ya kisiwa. Ilibidi kampeni ya chanjo irudishwe kisiwani kote, na ilipofika Oktoba 2018 ugonjwa ukatokomezwa kwa mara ya pili.

Hili ni funzo zito. Bahari haikuwa ukuta, kwa kuwa chombo kinachobeba abiria, mbuzi na magunia kinaweza kubeba pia mbwa mmoja aliyekwisha kuambukizwa ambaye bado hajaonyesha dalili. Na bara nako hakuna kuta. Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia huachana na ile iendayo Njombe hadi Songea. Hapo pia hupita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Malori hulala hapo, mizigo hushushwa na kupakiwa hapo, na penye wasafiri na mabucha mbwa hawakosekani. Hatusemi kwamba ugonjwa ulioingia Pemba ulitoka Makambako. Tunasema kwamba nchi hii ni mwili mmoja wenye mishipa mingi, na kidonda cha mguuni huweza kuutia mwili wote homa.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ili kichaa cha mbwa kikatike mahali popote, mbwa wasiopungua asilimia 70 wapewe chanjo katika kila kampeni, na kampeni hiyo irudiwe kila mwaka. Sababu ya kurudia ni rahisi kueleweka: maisha ya mbwa katika vijiji vyetu ni mafupi, na watoto wake huzaliwa kwa wingi, hivyo idadi ya wasiochanjwa hupanda upya kila mwezi. Chanjo yenyewe ni nzuri, na katika kampeni nyingi hutolewa bila malipo. Mbona basi asilimia 70 hukosekana?

Sababu ni kadhaa. Kituo huwa mbali, tangazo huchelewa, na wengine hudhani kimakosa kwamba mtoto wa mbwa ni mdogo mno kuchanjwa. Lakini ipo sababu nyingine ambayo aghalabu haiandikwi kwenye mipango ya ofisini: mwenye mbwa hawezi kumshika mbwa wake mwenyewe. Mbwa huyo amelala bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Hajapata kufungwa kamba shingoni ila kwa nguvu. Hajapata kuguswa ila kwa fimbo. Akiitwa hukimbia, kwa sababu amekwisha kujifunza kwamba mwito una mateke nyuma yake. Siku bwana mifugo anapofika na sanduku lake la barafu, mbwa huyo hushinda kichakani hadi jioni, au huletwa kituoni akiburutwa, akiwauma njiani wale wale waliokuja kumkinga. Ubao wa "Mbwa mkali" basi huwa umesema kweli kupita alivyotaka mwenyewe: mbwa amekuwa mkali hata kwa dawa.

Mbwa aliyefunzwa ni habari nyingine. Ajuaye kuja anapoitwa atakuja siku ya chanjo kama siku nyingine yoyote. Ajuaye kuketi na kubaki atashikwa na mtoto wa darasa la sita huku sindano ikiingia na kutoka. Aliyezoea kutoa mguu, kushikwa masikio na kufungwa kamba hataona jambo la kutisha katika mkono wa mtu asiyemjua. Kwa hiyo kile kinachoitwa mchezo ndicho matayarisho ya chanjo. Na katika vijiji ambamo aghalabu watoto ndio huwapeleka mbwa kituoni, matayarisho hayo ni kinga ya watoto wenyewe.

Namna ya kumfundisha si siri ya Wazungu wala haihitaji fedha. Mbwa hujifunza kwa faida. Tendo linalomletea kitu kizuri hulirudia, na lile lisilomletea kitu huliacha. Chukua kipande cha ugali mkavu au dagaa mmoja, kidogo kama punje ya haragwe. Kishike juu ya pua ya mbwa, kisha kipeleke polepole kuelekea nyuma ya kichwa chake. Atakapoinua kichwa kukifuata, makalio yatashuka yenyewe. Hapo hapo, mara tu anapogusa chini, sema neno moja la sifa na umpe. Ukichelewa hata kwa muda wa kuhesabu hadi tano, mbwa hatajua amelipwa kwa lipi. Rudia mara chache, dakika tano tu, kisha umwache. Kesho yake rudia tena. Akishaelewa, ndipo ulitie neno "keti". Neno liwe moja, na watu wote wa nyumbani walitumie hilo hilo. Baba akisema "keti", mama "kaa chini" na mtoto "tulia", mbwa hana kosa akichanganyikiwa.

Kufundisha kuja ndiko kwenye thamani kuliko yote, na ndiko tunakokuharibu zaidi. Mbwa akitoroka kisha akarudi, wengi wetu humpiga. Tunadhani tumemwadhibu kwa kutoroka. Yeye ameelewa kwamba ameadhibiwa kwa kurudi. Mbwa anayerudi, hata akichelewa namna gani, apokewe vizuri. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, nao walisema kweli. Kati ya wiki 3 na 14 za umri wake, mtoto wa mbwa huwa tayari zaidi kuwazoea watu, sauti na mikono. Mbwa aliyeguswa kwa upole na watu mbalimbali katika siku hizo hatakuwa na hofu ukubwani, na mbwa asiye na hofu si mwepesi wa kuuma.

Kama kuna anayedhani kwamba njia hii ya malipo madogo ni nadharia ya ng'ambo, na aende Morogoro. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya husikia mlio mdogo, akapewa ndizi, akajifunza. Panya mmoja aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia na kugundua mabomu ya ardhini na baruti nyingine zaidi ya 100. Mwezi Septemba 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la Uingereza la PDSA, akiwa panya wa kwanza kuipata, na alifariki Januari 2022. Ikiwa nchi hii imeweza kumfundisha panya kwa ndizi hadi akaokoa maisha ya watu wa Asia, haiwezi kuishindwa kazi ya kumfundisha mbwa wa Njombe kwa ugali.

Tunajua pia pingamizi la wenzetu wa visiwani, na tunaliheshimu. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na hatumwambii mtu amwingize mbwa ukumbini. Lakini sheria hiyo hiyo haikumfutia mbwa nafasi yake. Inamtambua mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Aya ya 4 ya Sura Al-Maida inaruhusu kuliwa kwa mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Tuzingatie sharti lenyewe: waliofunzwa. Wanazuoni walijadili kwa kina ni nani hasa aliyefunzwa, nao wakataja alama: atumwapo aende, akatazwapo aache, na akamatapo asijilie mwenyewe. Hayo ni mafunzo ya utii, wala hayana tofauti kubwa na yale tuliyoyaeleza hapo juu. Wasasi wa Unguja, wawindao nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo, wamewatumia mbwa wao kwa miaka mingi. Basi elimu hii si ngeni visiwani. Kinachotakiwa ni itoke kwa msasi iwafikie na wafugaji wengine.

Kuna hofu nyingine inayosikika zaidi bara: kwamba mbwa akifundishwa kuketi na kutoa mguu atakuwa rafiki wa kila mtu na hatalinda nyumba. Hofu hiyo haina msingi. Jeshi letu la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na hakuna mhalifu anayewadharau mbwa wa kikosi hicho kwa sababu wanajua kuketi. Mbwa wa polisi anatisha kwa kuwa anatii. Mlinzi anayemrukia mwizi, mwalimu wa jirani na mtoto aliyetumwa chumvi bila kuwatofautisha hatufai, awe mtu au mbwa.

Zaidi ya hayo, mafunzo humfanya mwenye mbwa amjue mbwa wake. Kichaa cha mbwa hakianzi kwa povu mdomoni. Mara nyingi huanza kwa badiliko la tabia: mbwa mpole anakuwa mkorofi, mkali anakuwa mnyonge au mzoefu kupita kiasi, anatafuna vijiti na mawe, sauti inabadilika, anatangatanga, taya linalegea na mate yanamtoka. Mtu ambaye kila jioni humwita mbwa wake na kuona akija ataona mapema siku ile asipokuja kama kawaida. Yule ambaye mbwa wake ni mkali siku zote hataona tofauti yoyote hadi mtoto wa jirani aumwe.

Na mtoto akiumwa, hapana muda wa kubishana. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo na kuimaliza yote. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kifo ni karibu hakika. Louis Pasteur alimwokoa kijana Joseph Meister kwa chanjo tarehe 6 Julai 1885. Ni aibu kwamba zaidi ya miaka 130 baadaye ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wanne katika kila kumi wakiwa watoto wa chini ya miaka 15. Wengi wa marehemu hao ni wa Afrika na Asia, na ni wa vijijini.

Tunatambua kwamba baadhi ya halmashauri, zinapopokea malalamiko, hukimbilia bunduki. Mbwa wazururao hupigwa risasi, taarifa huandikwa, na watu hupumua kwa muda. Njia hiyo ilikwisha kujaribiwa. Kisiwa cha Flores cha Indonesia kilivamiwa na ugonjwa huu mwaka 1997, na mbwa wakauawa kwa maelfu; hata hivyo ugonjwa haukwisha. Watu waliwaficha na kuwahamisha mbwa wao, na waliouawa nafasi zao zikashikwa na wachanga wasiochanjwa. Aidha, risasi haichagui: humuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na hivyo kuivunja ngao ambayo serikali yenyewe imeilipia. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria hiyo isomwe na wale wanaoshika bunduki.

Kutokana na hayo, tunayo machache ya kuwaomba wahusika.

Kwa viongozi wa Mkoa wa Njombe na wa Halmashauri ya Mji wa Makambako: chanjo ya mbwa iwe ya kila mwaka bila kukatika, na tangazo litolewe wiki kadhaa kabla. Katika wiki hizo maofisa mifugo na wenyeviti wa vitongoji wawaeleze wananchi namna ya kumzoesha mbwa kamba, kuja na kuketi. Mwezi mmoja wa ugali na uvumilivu utapunguza vurugu ya siku ya chanjo kuliko askari kumi.

Kwa walimu: somo hili linafaa watoto. Wafundishwe kumfunza mbwa wa nyumbani kwao chini ya uangalizi wa mkubwa. Wafundishwe pia kutomsogelea mbwa wasiyemjua, wala mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Mtoto anayejua mambo hayo amekingwa mara mbili.

Kwa wakuu wa bandari za bara na visiwani: mbwa yeyote anayepakiwa chomboni awe na cheti cha chanjo, na asiye nacho asipande. Pemba ililipa gharama ya kusafisha nyumba yake mara mbili. Si haki kuilazimisha ifanye hivyo mara ya tatu.

Kwa wizara zinazohusika na redio zetu: mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hatukuwa matajiri wakati ule. Tulikuwa na nia na mpango. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena binadamu kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Lengo hilo halitafikiwa kwa hotuba za tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ikiwa siku 364 zilizobaki mbwa anaishi kwa fimbo.

Na kwa mwananchi wa kawaida, awe wa Makambako au wa Micheweni, tunasema hivi: mbwa umleavyo ndivyo akuavyo. Mnyama huyu hakuomba kuwa mkali. Tulimfanya hivyo, na tunaweza kumfanya vinginevyo kwa kipande cha ugali na dakika tano za jioni. Siku bwana mifugo atakapofika kijijini akakuta mbwa wameketi mstarini pembeni ya watoto waliowashika kamba, kazi yake itakuwa nyepesi, na kisiwa kilicho mbali baharini kitakuwa salama zaidi ingawa hakitajua nani wa kumshukuru.